Maji ya Mfongo Katika Nchi ya Wamangi Wengi

Mwaka 1957 Karl Wittfogel, msomi Mjerumani aliyehamia Marekani, alichapisha kitabu kinene kuhusu udikteta wa dola za Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba kilimo cha mifereji huzaa utawala wa mabavu. Kuchimba mifereji na kugawa maji, alisema, ni kazi kubwa mno kuachiwa vijiji; lazima apatikane mmoja wa kuamuru maelfu, na huyo akishayashika maji huwa amewashika watu. Alikuwa akiziangalia Misri, China na Mesopotamia. Wakati kitabu hicho kinatoka kiwandani, kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro mamia ya mifereji yalikuwa yakitiririka kama yalivyotiririka kabla ya kufika Mzungu wa kwanza, na Wachagga walioichimba walikuwa na wamangi, yaani watawala, wengi, bila mtawala mmoja wa wote. Mangi Mkuu wa kwanza wa Wachagga wote, Thomas Marealle, alisimikwa mwaka 1952, miaka mitano tu kabla ya kitabu hicho, na cheo chenyewe hakikudumu hata miaka kumi. Mifereji hiyo, ambayo wenyeji huiita mifongo, ilichimbwa katika nchi iliyokatwakatwa vipande vya himaya ndogo zilizopigana, zilizoporana ng'ombe na kuuziana mateka kwa wafanyabiashara wa pwani. Katika nchi hiyohiyo maji yalibaki kuwa mali ya pamoja. Wengi wanaoitazama habari hii husema maji yaligawanywa vizuri licha ya mgawanyiko wa kisiasa. Mimi naona mgawanyiko wenyewe ulichangia, kwa kuwa pale ambapo hakuna mtawala mwenye mto mzima, watu hulazimika kutafuta msingi mwingine wa haki ya maji, na msingi walioupata Wachagga ulikuwa kazi ya mikono.

Tuanze na umbo la mlima. Mvua nyingi ya Kilimanjaro hunyesha katika msitu wa upande wa kusini, ambako kwa mwaka huweza kuzidi milimita 2,000, wakati tambarare iliyo chini haipati hata nusu yake. Watu wengi hudhani mito ya Moshi hutoka kwenye barafu ya Kibo, na barafu hiyo inapopungua hulia kwamba mito itakauka. Kupungua kwa barafu ni jambo la kweli na la kusikitisha, lakini mchango wake katika mito ni mdogo sana; chanzo cha Weruweru, Karanga, Kikafu, Rau na Himo ni mvua na ukungu unaonaswa na miti ya msituni. Mito hiyo imekata makorongo marefu yenye kingo kali, na kati ya korongo na korongo kuna migongo ya ardhi ambako watu walijenga na kupanda migomba katika vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani. Makorongo hayo ndiyo yaliyokuwa mipaka ya kisiasa. Mto ulipita chini sana, mahali ambapo mtu aliye juu ya mgongo aliuona na kuusikia bila kuweza kuufikisha shambani, na mara nyingi ukingo wa pili ulikuwa nchi ya mangi mwingine. Aliyetaka maji ya kumwagilia migomba wakati wa kiangazi, au ulezi wa kutengenezea pombe ya mbege, hakuwa na njia ila kupanda juu kilomita kadhaa hadi mahali ambapo mto bado haujazama korongoni, auchepushe pale, kisha ayashushe maji taratibu kwa kuambaa na ubavu wa mlima mpaka yafike juu ya mgongo wake.

Kazi hiyo ilihitaji jicho. Hapakuwa na pimamaji wala ramani. Mjuzi wa mifongo alitembea njia yote akikadiria mteremko, kwa sababu mfereji ukiinama kupita kiasi maji huukata udongo na kuubomoa, na ukikosa mwinamo maji husimama na tope hulijaza tumbo lake. Palipokuwa na bonde dogo walilaza magogo yaliyochongwa kama hori ili maji yavuke hewani. Penye mwamba waliuzunguka au waliupandishia ukuta wa mawe. Juu kabisa, mtoni, palikuwa na banio, na banio la kale linastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mfongo. Lilikuwa ni rundo la mawe, matawi na vigogo vya migomba, likazibwa kwa majani na mabonge ya udongo wenye nyasi. Kila masika mto ulifurika na kulizoa lote au nusu yake. Wahandisi wa kikoloni waliyaona mabanio haya kuwa ushahidi wa uduni wa ufundi wa wenyeji. Lakini banio la namna hiyo lina sifa mbili ambazo saruji haina. Ya kwanza, linavuja. Haliwezi kuuziba mto wote hata wenye mfongo wakitaka, kwa hiyo maji ya wa chini hupita bila mtu kuomba. Ya pili, linabomoka. Na kwa kuwa linabomoka kila mwaka, kila mwaka watu wote wa mfongo hulazimika kukutana mtoni kulijenga upya. Anayetaka kujua nani ni mwenye haki ya maji angetazama ni nani aliyefika siku hiyo.

Haki ya maji ilishikamana na kazi namna hiyo. Mfongo ulikuwa wa ukoo wa aliyeuanzisha pamoja na wale waliochimba naye, na uzao wao ulirithi haki pamoja na wajibu. Aliyehamia baadaye hakufukuzwa. Alikwenda kwa wazee na pombe, akaomba, na akikubaliwa akaingia katika zamu za maji na katika zamu za kazi kwa pamoja. Mkuu wa mfongo, ambaye sehemu nyingi aliitwa meni mfongo, alikuwa mzee wa ukoo wa mwanzilishi. Yeye ndiye aliyeita watu kwenye usafishaji, aliyepanga zamu, aliyesimamia tambiko la kondoo kwenye banio, na aliyetoza faini kwa mvivu na mwizi wa maji. Faini ilikuwa pombe au mbuzi, na waliokuja kazini ndio walioinywa na kuila. Aliyekaidi alifungiwa maji. Usiku maji yaliweza kuelekezwa kwenye bwawa dogo ili asubuhi yatumike, na alfajiri kabla ya zamu za umwagiliaji kuanza wanawake walichota ya nyumbani. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuandika kitabu kikubwa cha sheria za Wachagga mwaka 1926, na afisa wa Kiingereza Charles Dundas, aliyeandika juu ya mlima huo mwaka 1924, walitofautiana kwa mengi, lakini wote wawili walikuta taratibu za mfongo zikiwa hai. Mwanazuoni Mtanzania Fidelis Masao alipozichunguza tena na kuchapisha mwaka 1974 alizikuta bado zipo.

Hapo linakuja swali la vita, nalo ni pingamizi zito. Karne ya 19 Kilimanjaro haikuwa mahali pa amani. Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, na Sina wa Kibosho walishindana kwa miaka mingi. Sina aliitesa Machame. Marealle wa Marangu (wa karne hiyo, si Thomas wa 1952) alicheza karata zake kati yao na Wajerumani. Mwaka 1891 Mjerumani Hermann von Wissmann aliishambulia Kibosho kwa ajili ya kumvunja Sina, mwaka uliofuata Meli mwana wa Rindi akawashinda Wajerumani mbele ya boma lake, na tarehe 2 Machi 1900 Meli na viongozi wenzake walinyongwa Moshi. Katika hali kama hiyo mtu anaweza kuuliza ni ushirika gani wa maji unaoweza kusemwa. Jibu liko katika udhaifu wa mfongo wenyewe. Mfereji wa udongo wenye urefu wa kilomita kadhaa, unaopita msituni na kandokando ya makorongo, hauwezi kulindwa na askari. Mtu mmoja mwenye jembe huukata usiku na asubuhi vihamba mia vimekosa maji. Kama wapiganaji wangeyafanya maji kuwa silaha yao ya kawaida, hakuna mfongo mrefu ambao ungevuka kizazi kimoja. Hata hivyo msafiri Mwingereza Harry Johnston alipokaa kwa Rindi mwaka 1884, wakati uhasama wa Moshi na majirani umepamba moto, aliandika kwa mshangao juu ya vijito vilivyotengenezwa kwa mikono na kupita kila upande wa mashamba. Mifereji haikuwa imenusurika kwa bahati. Kila mangi alikuwa na mifongo inayoweza kukatwa, na kila mmoja alikuwa na watu walio chini ya banio la mwingine. Sidai kwamba maji hayakukatwa kamwe. Vita ni vita. Nasema kwamba hasara ya kukata ilikuwa ya pande zote, ilijulikana na pande zote, na kwa hiyo mfereji uliishi muda mrefu kuliko wafalme waliopigana juu yake.

Pingamizi la pili linatoka kwa wale wanaosema kwamba wamangi ndio waliokuwa nyuma ya yote. Ni kweli kwamba mangi aliweza kuamuru vijana wachimbe, kwamba mifongo mingine ilianzishwa kwa amri yake, kwamba kesi zilizowashinda wazee zilifika barazani kwake, na kwamba mfongo uliopaswa kupita katika ardhi ya jirani ulihitaji maelewano ambayo mzee wa ukoo peke yake asingeweza kuyafanya. Mangi alikuwa na manufaa. Lakini kuna kipimo cha kihistoria cha kujua kama alikuwa mhimili wa mfumo au nguzo mojawapo tu: aondolewe, tuone kinachoanguka. Historia imemwondoa mara kadhaa. Wajerumani waliwanyonga na kuwabadilisha wamangi wapendavyo. Waingereza walizikuta himaya zipatazo 28 na wakaendelea kuzipunguza na kuziunganisha, mpaka mwaka 1946 wakazipanga chini ya tarafa tatu. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta uchifu nchi nzima. Katika kila badiliko hilo mipaka ya kisiasa ilichorwa upya juu ya vichwa vya watu, na katika kila badiliko mifongo iliendelea kusafishwa, zamu ziliendelea kugawanywa, faini ziliendelea kunywewa. Kama maji yangekuwa yameshikwa na kiti cha umangi, yangeondoka na kiti hicho. Hayakuondoka.

Majirani nao wanathibitisha. Wamarakwet wa Kenya, wanaoishi kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, wana mifereji inayoning'inia juu ya majabali na kuvushwa kwa magogo, na wao hawakuwa na machifu kabisa kabla ya ukoloni. Koo ndizo zilizomiliki mifereji na kuitunza. Wabatemi, wanaoishi magharibi ya Ziwa Natron na ambao vitabu vingi huwaita Wasonjo, walifuata njia nyingine: huko baraza la wazee waliojulikana kama wenamiji lilishika maji, na wasio na haki ya kudumu walilazimika kuyapata kwa malipo. Kwa hiyo hakuna umbo moja la utawala linaloletwa na mfereji. Penye wamangi wengi ulifanya kazi, pasipo na mangi ulifanya kazi, na penye baraza la wazee wachache ulifanya kazi pia.

Lakini lisifichwe jambo moja. Mfongo ulikuwa mali ya pamoja, haukuwa mali ya kila mtu. Wanawake walibeba maji kichwani maisha yao yote, walijua kabla ya mwanamume yeyote kwamba mfongo umepungua, na hawakuwa na sauti katika kuugawa. Sehemu nyingi mwiko uliwazuia hata kulikaribia banio. Ukoo wa mwanzilishi ulipata zamu nzuri kuliko mgeni. Kihamba kilichokuwa mwishoni mwa mfereji kilipata kilichosalia. Wanaoupigia debe mfumo wa kale kama bustani ya usawa wanawadanganya wasomaji, na wanawadhulumu hasa wanawake waliochota kwenye mfereji uliochafuliwa na ng'ombe na kupeleka maradhi nyumbani. Maji ya bomba yalipoanza kufika vijijini, waliokuwa na sababu kubwa zaidi ya kuyapokea walikuwa wao. Hata hivyo dhuluma hii haiubomoi msingi ninaoujadili. Kosa lilikuwa katika nani aliruhusiwa kufanya kazi ya mfongo, na kwa hiyo nani aliruhusiwa kuwa na haki. Wenye mfongo wangeweza kupanua kundi la watenda kazi na haki ingepanuka nalo, bila kuvunja uhusiano kati ya hivyo viwili. Serikali zilizofuata zilichagua kuuvunja uhusiano huo.

Uvunjaji ulianza kwa kalamu. Sheria ya maji ya mwaka 1923 iliyaweka maji ya Tanganyika chini ya mamlaka ya serikali ya kikoloni, na zile za 1948 na 1959 zikaendelea katika njia hiyo. Haki za wenyeji zilitajwa kama mila za kuvumiliwa, wakati mlowezi mwenye shamba la kahawa au mkonge alipewa karatasi yenye kipimo. Tangu hapo mlima ukawa na aina mbili za watumia maji: wenye hati na wenye mazoea. Chini yao mahitaji yaliongezeka haraka. Mji wa Moshi ulikua na reli yake, mashamba ya walowezi yalijipanga katikati ya vihamba na tambarare, na mwaka 1930 kampuni ya A.P. Møller wa Denmark ilianzisha shamba la miwa la Arusha Chini, lililo chini kabisa ya mito yote hiyo. Mnamo 1935 Edmund Teale, mjiolojia, na Clement Gillman, mhandisi wa reli, walitoa ripoti kuhusu udhibiti wa maji katika Jimbo la Kaskazini. Katika miaka hiyo maafisa waliimba wimbo mmoja: Wachagga wanapoteza maji, mifereji yao inavuja, inamomonyoa ardhi, ni mingi kupita kiasi. Kuvuja kulikuwa kweli. Lakini maji yaliyovuja kutoka mfongo wa juu yaliingia ardhini, yakanywesha migomba ya jirani na kutokea tena kwenye chemchemi za chini. Kilichohesabiwa kuwa upotevu ni maji ambayo hayakufika mahali ambapo serikali ilitaka yafike. Ni tofauti kubwa, na kila mradi wa maji wa mlima huu tangu siku hizo umejengwa juu ya kuisahau.

Mpaka mpya ulichorwa pia juu ya vihamba. Msitu, ambao Wajerumani walianza kuutenga na Waingereza wakaendelea kuuhifadhi, ndiko yaliko mabanio mengi. Mwaka 1941 Wachagga waliachiwa ukanda wa nusu maili pembezoni mwake kwa ajili ya kuni na majani. Uliobaki ukawa wa serikali. Mwaka 2005 msitu wote wa hifadhi uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Uhifadhi ni wa lazima, nami nasema hivyo bila kusitasita, maana bila msitu hakuna mto. Lakini matokeo yake ni kwamba wenye mfongo wa leo wanapokwenda kusafisha banio lililojengwa na babu zao wanavuka mpaka wa mamlaka moja. Mfereji wao ukiteremka unaingia mamlaka ya kijiji. Maji yenyewe yako chini ya bodi ya bonde. Na chini zaidi yanangojewa na mji, mashamba makubwa na mitambo ya umeme. Nchi iliyosemekana kuunganishwa imegawanyika kuliko ilivyokuwa wakati wa Rindi na Sina. Tofauti ni kwamba Rindi na Sina walijua jirani anaweza kuwakatia maji, na mamlaka za leo hazina hofu hiyo kati yao.

Kuna jambo katika historia ya Tanzania ambalo halijazungumzwa inavyostahili. Mwaka 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri juu ya maji ya Nile, na katika makubaliano hayo nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, Tanganyika ikiwemo, zilifungwa zisifanye mradi wowote wa kupunguza maji yanayokwenda Misri bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1962 serikali ya Julius Nyerere iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika huru haifungwi na mkataba huo. Msimamo ulikuwa sahihi na wa kishujaa: watu hawawezi kufungwa katika maji yao kwa mapatano waliyofanyiwa na wengine bila kuulizwa. Miaka 12 baadaye, mwaka 1974, sheria mpya ya matumizi ya maji iliyafanya maji yote ya Tanzania bara kuwa mali ya Jamhuri, na mtumiaji akatakiwa kuwa na haki iliyosajiliwa serikalini. Wenye mfongo hawakuwa wameulizwa. Kanuni iliyotumika kuikataa Misri haikufika mlimani, Kibosho wala Mwika. Nia ilikuwa njema, sina shaka. Mwaka 1971 serikali ilikuwa imetangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400, na huwezi kugawa maji kwa taifa zima huku kila mto ukiwa na wenyewe. Lakini lilipofika jambo la kutunza, bomba lilikuwa la serikali, na likipasuka lilisubiri fundi wa serikali. Mfongo uliobomoka haukuwahi kumsubiri mtu. Kisha katika miaka ya 1990, baada ya bodi ya Bonde la Pangani kuundwa mwaka 1991, watumiaji walianza kudaiwa ada, na wazee wengi wa mlimani walikataa. Walihesabiwa kuwa wakaidi wasioelewa uchumi. Hoja yao ilikuwa rahisi: maji yanatoka kwa Ruwa (Mungu), mfereji umetoka mikononi mwetu, na anayedai fedha hajaleta mvua wala hajashika jembe. Mtu anaweza kuikataa hoja hiyo, lakini hawezi kusema haina mantiki.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko tambarare, chini ya mji wa Moshi. Mwaka 1987 mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika kwa msaada wa Japani: mabanio ya saruji kwenye mito ya Njoro na Rau, mifereji iliyonyooka, mashamba ya mpunga yaliyosawazishwa, matrekta, mbegu bora, wataalamu. Mavuno kwa ekari yalipanda kwa namna iliyowashangaza wote. Mafanikio hayo yakaonekana na majirani walioishi juu ya banio, nje ya mipaka ya mradi. Nao wakajifunza mpunga, wakalima, wakayafungulia maji mashamba yao kabla hayajafika kwenye saruji. Baada ya miaka michache mradi haukuwa na maji ya kutosha kulima eneo lililopangwa. Haki ya mradi ilikuwa imesajiliwa, na kwa sheria majirani walikuwa wezi. Lakini hakuna aliyewahi kuwaita kwenye kazi, hakuna aliyewapangia zamu, na hakuna walichokuwa wanapoteza kama banio la chini lingekauka. Mipango ilihesabu lita zinazopita mtoni na ikasahau kuhesabu watu walio juu. Mzee yeyote wa mfongo wa karne ya 19, angeonyeshwa ramani ile, angeuliza swali moja kabla ya kitu chochote: walio juu yetu wamekubali?

Najua pingamizi la mwisho, nalo ndilo gumu. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu karibu milioni 1.86 katika sensa ya 2022. Mito yake inaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, inazungusha mitambo ya Hale na Pangani, na sehemu ya maji ya mlima huohuo inavuka mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1886, kwa hiyo Ziwa Chala na Ziwa Jipe yana ukingo mmoja Tanzania na mwingine Kenya. Kikao cha wazee wa ukoo mmoja, na kondoo wao, hakiwezi kuamua mgawanyo wa kiasi hicho. Nakubali. Chombo cha bonde zima kinahitajika, na kipimo kinahitajika, na mkataba kati ya nchi mbili unahitajika. Nisichokubali ni kwamba chombo cha juu kinaweza kusimama hewani. Mwenye hati aliye ofisini haoni kiangazi kinapoanza. Anayeona ni yule aliyemaliza zamu yake saa nane badala ya saa sita. Kipimo kilichowekwa mjini hakilindwi na mtu aliye juu ya banio kama yeye hakushiriki kukiweka, na mlima una mabanio mengi kuliko walinzi wowote ambao serikali inaweza kuwaajiri. Wakati wa wamangi ukubwa wa tatizo haukuwa mdogo ukilinganisha na zana zao. Walikuwa na mito kadhaa, himaya nyingi, uadui wa damu na jembe, na waliweza kwa sababu kila mto ulikuwa na watu wanaojulikana kwa majina, ambao haki yao ilionekana kila walipoinama matopeni.

Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 imefungua mlango kidogo. Inatambua haki za kimila za maji, inaruhusu ziandikwe, na inazipa nafasi jumuiya za watumia maji. Hapo ndipo kazi ya sasa ilipo, na ni kazi ya kina kuliko inavyoonekana kwenye fomu. Jumuiya ikiundwa kwa kufuata mipaka ya kata au kijiji, itaunganisha watu wasiokunywa mto mmoja na kuwatenganisha wanaokunywa mmoja, kosa lilelile la tarafa za 1946. Inapaswa kufuata mfereji kutoka msituni hadi kihamba cha mwisho, pamoja na mabanio yote ya mto huo, ya juu na ya chini, ya saruji na ya mawe. Wanawake wanaochota waingizwe kama wanachama wenye zamu na wenye kura, kwa kuwa nao leo ndio wanaosafisha mifongo mingi ambayo wanaume wameiacha na kwenda mijini. Hifadhi ya taifa itie sahihi siku za kufungua njia ya banio. Na jina litakaloandikwa kwenye hati liwe la mfongo, ili akihama mtu, akifa mzee, au kijiji kikigawanywa tena kwa ajili ya uchaguzi ujao, haki ibaki mahali ambapo maji yanapita.